Viatu Chini ya Kiti

Mama alipojua kwamba kila Jumapili nakwenda kushikwa kiuno na mwanamume asiye mume wangu, tena mbele ya watu, alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akanitumia ujumbe kwa dereva wa teksi ya kutoka Mbale: huyo mwanamume, angalau ana sabuni?

Hayo ndiyo yaliyokuwa matani yetu miaka ile, sukari ikipatikana kwa kujuana na sabuni kwa bahati. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, karani wa ghala katika kiwanda cha nguo hapo Jinja, nimepanga chumba kimoja nyuma ya duka lililofungwa. Kwetu ni Nkoma, Mbale, na sisi ni Wanubi. Babu yangu aliletwa kutoka Sudani na jeshi la Waingereza, akaja akaliacha jeshi, akaoa, akalima vitunguu mpaka akafa. Lakini mwaka ule hakuna aliyetaka kusikia habari za babu na vitunguu vyake. Nchi ilikuwa mikononi mwa jeshi, jeshini watu wetu walikuwa wengi, nami nikifungua mdomo Kiswahili kinatoka bila kujikwaa. Hiyo ilitosha. Nikisimama kwenye foleni ya chumvi, wanawake wawili walio mbele yangu wanaacha kuzungumza na kuanza kutazama viganja vyao.

Kwa hiyo dansini nilikwenda kwa hasira, si kwa furaha. Jumapili moja mchana nilikuwa nimelala chali tangu asubuhi nikihesabu misumari ya bati, nikasikia rumba kutoka mtaa wa pili. Nikasema moyoni, wanaoninyamazia sokoni waninyamazie na huko, angalau kuna muziki. Nikavaa gauni langu refu, maana mafupi yalikuwa yamepigwa marufuku, nikafuata sauti.

Ukumbi ulikuwa wa Wahindi, nao walikuwa wameshafukuzwa nchini miaka kadhaa nyuma. Walichoshindwa kubeba ni sakafu. Ilikuwa ya mbao nyembamba zilizopangwa zikapangika, na watu wa dansi waliitunza kuliko walivyotunza nyumba zao. Kabla ya muziki walikuna mshumaa juu yake na kuusugua kwa magunia mpaka mbao zikateleza. Walikutana kila Jumapili kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja, ili kila mtu awe kwake kabla ya giza. Mwalimu wao alikuwa mzee wa Kisoga kutoka Budondo aliyejifunza dansi vitani, huko alikopelekwa na Waingereza. Alikuja kwa baiskeli, gramafoni imefungwa nyuma kwa mipira, na sindano yake ameiweka kwenye kiberiti mfukoni mwa shati, kwa sababu sindano nyingine haikuwepo Jinja nzima.

Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akaishia miguuni.

"Hapa iko sheria, binti," akasema. "Viatu ya njia inabaki mrango. Ya dansi inakaa kwa rafu. Na viatu ya mutu hajakuja, hakuna kugusa. Ni mwenzake peke yake nagusa."

Rafu ilikuwa ukutani, karibu na mlango. Kila mwanachama alikuwa na viatu vyake vya soli ya ngozi, na viatu hivyo havikutoka nje ya ukumbi kamwe, maana chembe moja ya mchanga ingekwaruza sakafu. Kila mtu alikuwa na mwenzake wa kucheza naye, mmoja tu, mwaka mzima. Siku ambayo mwenzako hakufika, ulikuwa ukichukua viatu vyake kwenye rafu na kuviweka chini ya kiti kitupu kilicho kando yako. Hapo watu walijua kwamba wewe una mtu, hayupo tu, na hakuna aliyekuja kukuomba mchezo. Ulikaa hapo mpaka santuri ya mwisho. Wenyewe waliita kukalia viatu. Nilipoelezwa nilikaribia kucheka, kisha nikamwona muuguzi.

Alikuwa muuguzi wa hospitali, mwanamke mwembamba wa miaka thelathini hivi, ameketi kando ya ukuta wa dirishani. Chini ya kiti cha kando yake palikuwa na viatu vyeusi vya mwanamume. Alikuwa na kopo la rangi ya viatu na kitambaa, akivipaka polepole huku akitazama wachezaji. Mume wake alikuwa ameingizwa na wanajeshi kwenye gari mbele ya posta zaidi ya mwaka mmoja nyuma, asionekane tena. Kila Jumapili alikuja, akavitoa kwenye rafu, akavikalia, akavirudisha, akaenda zamu. Sikucheka tena.

Mwalimu alinipa mwenza ambaye hakuna aliyemtaka, kwa sababu na mimi hakuna aliyenitaka. Alikuwa fundi wa mitambo ya kufumia hapo hapo kiwandani kwetu, Mkenya wa upande wa pili wa mlima wetu wa Mbale, mrefu, mwenye mafuta ya mashine kwenye kucha yasiyotoka hata kwa kisu. Wakenya nao walikuwa wameanza kuogopwa. Si kwa ubaya wao, ila kuonekana nao ilikuwa hatari. Basi tukafungwa pamoja, Mnubi na Mkenya, kama soksi mbili zilizobaki baada ya kufua.

"Dada, hebu acha kunisukuma," aliniambia siku ya kwanza. "Unacheza kama mtu anasukuma toroli."

"Wewe nenda, basi! Unasimama njiani."

"Nasubiri muziki. Na wewe usubiri."

Kusubiri ndiko kulikonishinda. Mimi mtu akitaka kwenda kushoto nimeshafika. Ilinichukua miezi miwili kujifunza kwamba kiganja chake mgongoni mwangu kilikuwa kikisema kitu, na kwamba nikitulia ninakisikia. Nilipokisikia nilipotewa na hasira zote nilizokuja nazo. Nitasema wazi, maana sasa ni mzee na hakuna wa kunicheka: nilimpenda. Sikumwambia, naye hakuniambia, lakini wiki yangu ilianza Jumapili saa nane na kuisha Jumapili saa kumi na moja.

Watu wa dansi nao walianza kulainika. Walinipa viatu vya zamani vya mwanamke aliyehamia Kampala. Muuguzi alinifundisha kufunga ukosi wa gauni kwa pini. Siku moja walikuwa wakizungumzia bei ya mafuta ya taa, nikaingia, na hawakunyamaza. Niliona kama nimepewa nyumba.

Afande alikuja Jumapili iliyofuata.

Tulisikia kwanza gari, kisha buti kwenye ngazi. Alikuwa mnene kidogo, umri wa kuwa baba yetu mdogo, amevaa mavazi kamili ya jeshi, bastola kiunoni. Wachezaji wakasimama pale pale walipo, mikono bado imeshikana. Muziki uliendelea peke yake. Alipotaka kukanyaga mbao, mwalimu akamwendea na yale matembezi yake ya dansi, na kwa mazoea ya miaka mingi, bila kufikiri, akasema maneno aliyomwambia kila mgeni.

"Viatu ya njia inabaki mrango."

Nilimwona mwalimu akisikia alichosema. Midomo yake ilibaki wazi. Afande alimtazama kwa muda ambao mimi niliuhesabu kwa mapigo ya santuri, na yalikuwa mengi. Kisha akaketi kwenye benchi la mlangoni, akafungua kamba, akavua buti moja, akavua ya pili. Soksi ya kulia ilikuwa na tundu na kidole gumba kilichungulia. Hakuna aliyekitazama.

"Endelea," akasema. "Mimi natazama tu."

Alitazama mpaka saa kumi na moja. Akazunguka kwa soksi akiuliza kila mtu anatoka wapi. Alipofika kwangu nikajibu, naye akageuza maneno hapo hapo, akaniuliza kwa Kinubi mimi ni wa nyumba gani ya Mbale. Nikamjibu kwa Kinubi, ningefanyaje? Alifurahi, akacheka kwa sauti, akanipiga begani. Ukumbi mzima uliona. Sikuhitaji kugeuka kujua kwamba muuguzi alikuwa ananitazama.

Kisha akamgeukia fundi. "Na wewe?"

"Mbale, afande," akasema fundi. Lugha ya kwao na Kimasaba cha wenyeji wa Mbale zinakaribiana, na akijaribu angeweza kupita.

Afande akarudi kwangu. "Ni kweli? Huyu ni mtu ya kwenu?"

"Kweli, afande," nikasema. "Tumekua naye Nkoma. Mama yake na mama yangu ni majirani."

Uongo ule ulitoka kirahisi, na tangu dakika ile maisha ya mtu yalikuwa mdomoni mwangu. 

Afande akawa anakuja kila Jumapili. Kazi yake ya Jumatatu mpaka Jumamosi hatukuijua, na hatukuulizana. Alivua buti, akaketi kwenye benchi, akatazama miguu ya watu kwa makini kama mtoto anayetazama mtu akikaanga mandazi. Kucheza hakucheza, kwa sababu hakuwa na viatu vya rafuni, na mwalimu baada ya ile siku ya kwanza aliogopa hata kumpa. Siku moja aliuliza habari za viatu vya kando ya muuguzi. Mwalimu akamweleza desturi ya kukalia, akaishia hapo. Afande akavitazama vile viatu, akamtazama muuguzi anayevipaka rangi, akauliza, "Siku ngapi?" Muuguzi hakuinua macho. "Nyingi," akasema. Afande akarudi kwenye benchi lake.

Kwa watu wa dansi, mimi ndiye niliyemleta. Hakuna aliyelisema. Kunyamaza kwa sokoni kulihamia ukumbini, na safari hii kuliniuma zaidi kwa sababu nilikuwa nimeshaonja kingine.

Ikafika miezi ambayo redio ilianza kuwatukana Wakenya jioni na asubuhi. Kiwandani kwetu wapakiaji watatu, Wakenya, hawakurudi kazini siku moja, na sufuria zao za chakula zilibaki zimepangwa ukutani. Fundi alizitazama siku nne. Ya tano akanijia ghalani akijifanya anataka uzi.

"Dada, naenda nyumbani."

"Lini?"

"Jumapili. Jumapili mchana kila mtu anajua niko wapi. Hakuna atakayenitafuta mpaka jioni."

Tulipanga palepale, yeye akigeuzageuza gurudumu la uzi mkononi. Asubuhi angepanda teksi ya Mbale, na vizuizini aseme anakwenda kwao Nkoma. Mama angempokea, ampeleke Busiu kwa mwanamke mmoja aliyekuwa akimuuzia mahindi. Watu wa huko walijua njia za miguu za kupita mashambani mpaka ng'ambo. Akivuka, mama angenitumia kawa jekundu la kufunikia chakula, la kusuka kwa mkono wake. Kabla ya giza la Jumapili alitakiwa awe ameshapita kizuizi cha mwisho. Kazi yangu ilikuwa moja: niende dansini kama kawaida, nivae, nikae, na mtu akiuliza niseme fundi anachelewa. Saa tatu tu za kuchelewa.

"Na viatu vyako?" nikauliza.

"Viache kwenye rafu. Nikionekana navyo njiani watajua sirudi." Akaweka gurudumu la uzi chini. "Ni viatu vizuri," akasema, na akaenda zake.

Jumapili hiyo nilifika mapema. Nilisugua sakafu kwa gunia mpaka magoti yakawaka moto. Watu wakaja, wakavaa, mwalimu akatoa kiberiti chake, akaifunga sindano, na rumba ya kwanza ikaanza. Nami nikasimama, nikaenda kwenye rafu, nikachukua viatu vya fundi, nikaviweka chini ya kiti cha kando yangu, nikaketi.

Nilikuwa nimeshaketi ndipo nikaona nilichofanya.

Ni mikono iliyofanya, si mimi. Miezi yote ile nilikuwa nimeona kila aliyekosa mwenzake akifanya hivyo muziki ukianza, na mikono ikafanya. Viatu vikikaa rafuni, mtu anachelewa. Viatu vikishuka chini ya kiti, mtu haji. Umewatangazia wote kwamba haji, na kwamba wewe ulijua. Nilitaka kuvirudisha, lakini kuvirudisha ndiyo ingekuwa ajabu zaidi, hakuna aliyewahi kufanya hivyo katikati ya muziki. Muuguzi alikuwa ananitazama kutoka dirishani. Nikasikia gari.

Afande alivua buti. Alipita kando ya wachezaji kwa soksi zake, safari hii zimeshonwa, na akasimama mbele yangu. Alitazama chini ya kiti.

"Mwenyewe iko wapi?"

"Anaumwa, afande."

"Naumwa nini?"

"Malaria."

"Iko peke yake kwa nyumba?"

"Ndiyo, afande."

Akatikisa kichwa kwa huruma. Huruma ile ilinitisha kuliko ukali. "Malaria nauwa mutu. Dereva yangu iko hapo chini. Nitatuma gari imutoe kwa nyumba, ipeleke yeye hospitali. Sasa hivi." Na akageuka kuelekea dirishani kumwita dereva.

Saa nane na robo. Teksi ya fundi, ikiwa haikuharibika, ilikuwa ikiingia Mbale. Dereva angekuta chumba kimefungwa. Majirani wangesema ametoka asubuhi na mfuko. Kulikuwa na simu za jeshi kwenye vizuizi vyote, na afande alimjua sura.

"Afande," nikaita. Sauti yangu ilitoka juu mno. "Kwani hutaki kucheza?"

Akageuka.

Niliinama, nikatoa viatu vya fundi chini ya kiti, nikavishika mbele yake kwa mikono miwili. "Leo mimi sina mtu. Vaa hivi."

Rumba ilikuwa inaendelea lakini miguu ilisimama. Mwalimu alishika ukingo wa meza. Katika ukumbi ule ungeweza kumsukuma mtu, kumkanyaga, hata kumtukana, na akakusamehe. Kutoa viatu vya mtu asiyekuwepo hakuna aliyewahi. Na nilikuwa nimevitoa kwa nani? Kwa yeye. Niliwaona wote wakipata hakika waliyokuwa wakiitafuta tangu siku niliyoingia mlangoni: Mnubi amempa mwanajeshi viatu vya Mkenya, na Mkenya mwenyewe hayupo. Muuguzi alivuta viatu vya mumewe vikaingia chini kabisa ya sketi yake. 

Afande aliviangalia viatu, akaniangalia mimi. Akaketi kwenye kiti kile kitupu ambacho hakikaliwi, akaviingiza miguuni kwa shida kidogo.

"Huyu bwana, muguu yake nyembamba," akasema. Kisha akasimama, akanipa mkono.

Mkono wake ulinukia sabuni. Nilikumbuka swali la mama na nikataka kulia.

Alicheza vizuri. Hilo silisamehe mpaka leo. Alikuwa amejifunza kwa macho, Jumapili hadi Jumapili, na mguu wake ulijua. Nilimhesabia muziki sikioni, moja mbili tatu, moja mbili tatu, huku nikihesabu kingine kichwani: sasa yuko Nkoma, sasa mama anampa uji, sasa wanatembea kwenda kituoni, sasa ni Busiu. Kila santuri ikiisha, afande alifuta jasho na kutazama dirishani, nami nikasema, "Nyingine, afande, hii ni nzuri zaidi." Mwalimu akabadilisha bila kunitazama. Kwa mara ya kwanza tangu nianze dansi sikumsukuma mtu, sikutangulia, nilikwenda kule tu mkono wake uliposema. Nilikuwa nimefundishwa vizuri.

Saa kumi na moja ikafika. Akavua viatu, akavirudisha mwenyewe kwenye rafu mahali pake.

"Musalimie mugonjwa," akasema. "Kesho nitapita kumuona."

Usiku ule na usiku wa pili sikuvua nguo za mchana, ili wakija wanikute nimevaa. Hawakuja. Siku ya tisa dereva wa teksi aliniletea mzigo uliofungwa kwa gazeti. Nilichana gazeti nikiwa nimesimama barabarani. Kawa lilikuwa jekundu. Nilikaa chini kwenye vumbi mbele ya watu na nikacheka kama mwendawazimu.

Lakini Jumapili ya katikati, kabla ya kawa kufika, nilikwenda dansini. Kutokwenda kungekuwa kukiri. Hakuna aliyenisalimu. Afande aliingia, akavua buti, akaenda moja kwa moja kwenye rafu, akachukua viatu vya fundi kana kwamba amezaliwa navyo. Alinisimamisha, tukaanza. Tulifika katikati ya santuri.

"Nilipita kule kwake," akasema. "Kufuli kwa mrango. Kufuli mupya."

Nilihesabu.

"Mutu ya malaria hanunui kufuli," akasema.

Moja mbili tatu. Kiganja chake mgongoni hakikutetereka.

"Haya," akasema. "Geuka."

Nikageuka. Hakuuliza tena, wala siku ile wala nyingine. Miezi minne nilicheza naye kila Jumapili, nikingoja neno lililobaki, na halikuja. Alijua. Kwa nini alinyamaza sijui. Labda alinihurumia, labda alitaka tu mtu wa kucheza naye na alijua kwamba mwenye hofu hakatai. Nilimchukia kwa moyo wote. Nilichukia sabuni yake. Na mara nyingine, katikati ya muziki mzuri, nilisahau kumchukia kwa muda wa mizunguko miwili mitatu, na nikikumbuka nilijichukia mwenyewe. Watu wa dansi waliona mizunguko hiyo. Hawakuona kingine.

Kisha ikaja Jumapili ambayo gari halikusikika. Saa nane ikapita, saa tisa ikakaribia. Mjini kulikuwa na minong'ono tangu Jumatano kwamba maofisa kadhaa wamekamatwa na wenzao kambini, na kwamba nyumba zao zimetolewa vitu. Mwalimu alipiga santuri mbili huku akitazama mlango. Ya tatu akaishika mkononi, hakuiweka.

Wote walikuwa wananitazama. Desturi ilikuwa inaningoja mimi. Niliogopa kuliko siku ya kufuli, maana siku ile niliyemwogopa alikuwa mmoja.

Nilikwenda kwenye rafu. Nilichukua vile viatu, vilikuwa vimetanuka ubavuni kwa mguu mnene, na ngozi imepauka. Niliviweka chini ya kiti kitupu, nikaketi kando yake. Kiti hicho kilikuwa kwenye ukuta wa dirishani. Siku zile hakuna kingine nilichoachiwa, kwa hiyo jirani yangu alikuwa muuguzi.

Mwalimu akaweka santuri. Hakuna aliyecheza kwanza, halafu wakaanza.

Muuguzi hakuwa amesema nami tangu siku nilipotoa viatu. Sasa alizungumza akiwa ametazama mbele.

"Unamkalia nani?"

Ningeweza kusema fundi. Lingekuwa jibu zuri na nusu yake ni kweli. Lakini nilikuwa nimechoka.

"Wote wawili," nikasema. "Fundi alivuka. Alivuka siku ile ile, wakati mimi namchezesha huyu ili asitume gari. Mama yangu ndiye aliyempitisha. Na huyu alikuja kujua, akanyamaza. Sasa sijui wamempeleka wapi."

Viatu vya mumewe vilikuwa kando ya miguu yake, vinang'aa vile ambavyo hakuna viatu vilivyong'aa Jinja. Nilidhani atahamisha kiti, na ningemwelewa. Waliomchukua mume wake walikuwa wamevaa kama huyu niliyemkalia.

Aliinama, akalisukuma kopo la rangi sakafuni kwa kidole mpaka likagusa mguu wangu.

"Vimepauka," akasema.

Nikakifungua kifuniko. Rangi ilikuwa imebaki kidogo sana, pembeni pembeni, ya kukwangua kwa ukucha. Nikavitoa viatu chini ya kiti, nikaviweka mapajani, nikapaka cha kulia, nikapaka cha kushoto, na muuguzi akanipa kitambaa chake bila kunitazama. Tulikaa hapo mpaka santuri ya mwisho.